Kifaru Asiye wa Chuma: Lindo la Msimu wa Vuli Huko Ziwa

Mpiganaji akisikia neno "kifaru", mara moja fikira zake huenda kwenye chuma: minyororo isagayo udongo, mzinga mrefu, na ngurumo ya injini itanguliayo kusikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Hatumlaumu, kwani ndivyo alivyofundishwa. Lakini jina hilo asili yake si la chuma. Waliolitafutia gari hilo la vita jina la Kiswahili walitazama porini, wakamwona mnyama mwenye ngozi nene, mwili mzito na tabia ya kwenda mbele bila kuuliza njia, nao wakaazima jina lake. Jina likaingia kambini likastawi. Mwenye jina akabaki porini akaangamia. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20, nchi ya Uganda ilikuwa na vifaru vya vita katika mabanda yake, lakini katika mbuga zake zote hakukuwa na kifaru hata mmoja atembeaye kwa miguu yake minne.

Leo hali si hiyo tena. Msafiri atokaye Kampala kwa barabara kuu ya Gulu, akisha kuipita Luweero na kuingia wilaya ya Nakasongola, hufika mahali paitwapo Nakitoma. Hapo, upande wa magharibi wa barabara, pana shamba kubwa lililozungushiwa ua wa nyaya za umeme. Zamani lilikuwa shamba la ng'ombe. Siku hizi huitwa Hifadhi ya Vifaru ya Ziwa, na ndani ya ua huo wanaishi vifaru zaidi ya 40. Tulikwenda huko katika msimu huu wa mvua za vuli, ambao katika Uganda huanza Septemba na kuendelea hadi Novemba, ili tuwaletee wenzetu wa jeshi na polisi habari za kazi ifanyikayo pale. Tulidhani tutaandika habari za wanyama. Tumerudi na habari za lindo, jambo ambalo kila msomaji wa ukurasa huu analijua kuliko sisi tunavyoweza kulieleza.

JINSI WALIVYOFUTWA

Hapana budi tuanze na yaliyopita, hata kama yanatuuma. Uganda ilikuwa na vifaru wa namna mbili. Kifaru mweusi aliishi upande wa mashariki wa Mto Nile, hata Bonde la Kidepo katika Karamoja. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi ng'ambo ya magharibi ya mto, katika nchi ya West Nile, na hasa katika bonde la Ajai. Katika miaka ya 1960 baadhi ya hao weupe walivushwa mto na kupelekwa katika mbuga ya Murchison ili wapate usalama zaidi. Wakati huo vifaru wa nchi hii walihesabiwa kwa mamia.

Msomaji asidanganywe na majina hayo ya rangi. Mweupe si mweupe wala mweusi si mweusi. Wote wawili wana rangi ya kijivu, na wakigaagaa katika tope huchukua rangi ya tope hilo. Tofauti yao iko mdomoni. Mweupe ana mdomo mpana kama jembe, naye hula majani ya chini. Mweusi ana mdomo uliochongoka, naye huchuma matawi ya vichaka.

Kifaru mweupe wa mwisho katika Uganda alionekana Murchison mwaka 1982. Mweusi wa mwisho alionekana Kidepo mwaka 1983. Baada ya hapo, kimya.

Ni nani aliyewamaliza? Tusizunguke mbuyu. Wawindaji wa kale wenye mikuki na mitego waliishi na vifaru karne nyingi bila kuwamaliza. Vifaru walimalizwa na bunduki ya kivita, na katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bunduki ya kivita ilitoka katika mikono ya watu waliovaa sare, au ilipita mikononi mwao kabla ya kufika kwa jangili. Ndovu walipatwa na msiba huo huo. Katika mbuga ya Queen Elizabeth, ambamo walikuwapo kwa maelfu, hesabu ya mwaka 1980 iliwakuta wapatao 150 tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika habari hii nguo yenyewe ni ya kijani, na ina vyeo begani.

Tutoe mfano mmoja, maana kila askari ataufahamu bila maelezo marefu. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, kambi ya Moroto katika Karamoja iliachwa na wenyewe. Ghala la silaha lilibaki bila mlinzi. Wananchi wa huko wakaingia, wakachukua bunduki na risasi kwa kadiri walivyoweza kubeba. Silaha hizo zikasambaa nchi nzima ya Karamoja. Zikaua watu kwa miaka mingi iliyofuata, zikabadili wizi wa mifugo wa jadi ukawa vita kamili, na porini zikawakuta wanyama wasiojua tofauti ya mkuki na bunduki. Miaka minne tu baada ya lindo la Moroto kuachwa, Kidepo haikuwa na kifaru. Hatusemi kwamba kila risasi iliyoua kifaru ilitoka katika ghala hilo. Twasema kwamba lindo likiachwa saa moja, hasara yake haiishii saa hiyo, wala haiishii penye lango la kambi.

CHAMA CHA HISANI NA SHAMBA LA NG'OMBE

Mwaka 1997 baadhi ya watu walioona aibu ya jambo hilo waliunda chama cha hisani kiitwacho Rhino Fund Uganda, yaani mfuko wa vifaru wa Uganda. Shabaha yao ilikuwa moja: kuwarudisha vifaru katika nchi hii na kuwalinda mpaka watakapoweza kupelekwa tena katika mbuga za taifa. Mwaka 2001 vifaru wawili wa kwanza waliletwa, wakawekwa katika bustani ya wanyama ya Entebbe ili wananchi, na watoto wa shule hasa, wapate kumwona mnyama ambaye wazazi wao walimjua kwa masimulizi tu.

Lakini bustani si pori. Chama kilihitaji ardhi, na ardhi ilipatikana kwa mwenye shamba la ng'ombe la Ziwa, aliyekubali wanyama wakae katika ardhi yake yenye ukubwa wa kilomita za mraba 70. Ua wa umeme wenye kimo cha mita mbili hivi ukajengwa kulizunguka. Mwaka 2005 wakaletwa vifaru weupe wanne kutoka shamba la Solio katika Kenya. Mwaka 2006 wakaja wengine wawili kutoka bustani ya wanyama ya Disney katika jimbo la Florida, Marekani. Jumla yao ikawa sita: madume matatu na majike matatu.

Wenzetu wa jeshi watatambua kwamba sita si kikosi. Ni nusu seksheni tu. Na kifaru si mnyama wa kuzaa haraka. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 16 hivi, huzaa ndama mmoja, kisha humlea kwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo mtu anayemuua jike mmoja hapunguzi mnyama mmoja tu. Anafuta mlolongo mzima wa ndama ambao wangezaliwa katika umri wake wote. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Ziwa wasithubutu kulala.

Ndama wa kwanza alizaliwa Juni 2009. Baba yake alitoka Kenya na mama yake alitoka Marekani, na kwa kuwa mwaka huo ulimwengu mzima ulikuwa ukimzungumza mtu mwingine mwenye nasaba kama hiyo, ndama akaitwa Obama. Wananchi walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa cha furaha ya kweli: tangu miaka ya 1980 hakuna ndama wa kifaru aliyekuwa amezaliwa katika udongo wa Uganda. Kutoka wale sita wamepatikana hao zaidi ya 40 tuliowataja.

Njia haikuwa laini. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mipaka na uwanja wa ndege wa Entebbe, wageni wakakatika, na wageni ndio waliokuwa wakileta sehemu kubwa ya fedha za kuwalisha walinzi. Mwaka 2021 chama na wenye ardhi hawakuelewana tena, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ikaingia kuchukua usimamizi wa wanyama, ambayo tangu hapo imekuwa ikiifanya kazi hiyo pamoja na wenye ardhi. Hatukwenda kuamua kesi hiyo. Tulichokitazama ni kimoja: katika mabadiliko hayo yote, vifaru hawakuachwa bila mtu wa kuwatazama. Wakubwa walibadilishana viti, lakini mlinzi wa zamu alibaki mahali pake. Kambi ya Moroto ya mwaka 1979 ingekuwa na mlinzi wa namna hiyo, pengine tusingekuwa na habari hii ya kuandika.

ZAMU ISIYOKATIKA

Utaratibu wa Ziwa ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutimiza. Kila kundi la vifaru lina walinzi wake, nao hulifuata usiku na mchana. Likisogea, wanasogea. Likilala chini ya mti wakati wa jua kali, wanakaa kando, upande ambao upepo hauwapelekei wanyama harufu yao, kwa sababu kifaru ana macho hafifu lakini pua na masikio yake ni makali. Zamu ikiisha, mlinzi haondoki kabla mwenzake hajafika, akaonyeshwa wanyama kwa macho, mmoja mmoja, na kuhesabiana. Hakuna "nadhani wako kule". Ama wameonekana, ama hawajaonekana na taarifa inatolewa kwa redio.

Mkononi mwake mlinzi ana daftari. Ndani yake huandika saa, mahali, na kila anachokifanya mnyama: amekula, amekunywa, amelala, amepigana, amempanda jike. Mtu mgeni anaweza kudhani kwamba haya ni maandishi ya kupoteza wakati. La hasha. Kwa kuwa siku ya kupandwa jike imeandikwa, siku ya kuzaa hujulikana kwa makadirio mema, na mama huongezewa uangalizi kabla ya wakati. Kwa kuwa mwendo wa kila mmoja umeandikwa, mnyama akianza kuchechemea au kukosa hamu ya majani, hutambuliwa siku ile ile, naye mganga wa mifugo huitwa. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi tuliopita katika chuo cha kadeti twaikumbuka zamu ya saa nane usiku. Twaukumbuka ule usingizi unaokuja kama adui mwerevu: haukushambulii kwa mbele, bali hukuambia kwamba hakuna kitu, kwamba usiku huu ni kama usiku wa jana, kwamba ukikaa kidogo tu hakuna atakayejua. Mwalimu wetu wa kwata alikuwa akisema mara kwa mara kwamba mlinzi hulipwa kwa ajili ya usiku mmoja tu katika maisha yake, nao hajui ni upi. Kwa hiyo imempasa akeshe yote. Wakati ule tuliyasikia maneno hayo kama adhabu. Pale Ziwa, tulipowatazama vijana wenye makoti ya mvua yaliyochakaa wakilifuata jike na ndama wake katika majani yaliyolowa, tuliyaelewa.

Tena tuliona jambo la kuchekesha kidogo, nalo tutalisema. Mgeni anayekwenda kuwatazama vifaru huenda kwa miguu, akiongozwa na mlinzi, na kabla ya kuondoka hupewa maagizo: asipige kelele, asivae mavazi yenye rangi kali, na ikitokea mnyama anakuja kwa hasira, ajifiche nyuma ya mti au aupande. Mmoja wetu, mwenye cheo cha heshima na tumbo linalolingana na cheo, aliutazama mti uliokuwa karibu kwa muda mrefu, akapima kimo chake na cha kwake, kisha akaomba kutembea katikati ya msafara. Kifaru dume ana uzito unaoweza kuzidi kilo 2,000, naye haulizi vyeo.

KAZI ZA VULI

Kila msimu una adui wake. Wakati wa kiangazi adui ni moto na ukame. Wakati wa vuli adui ni majani. Mvua zikianza Septemba, nyasi huinuka upesi, na kufika Oktoba mlinzi ambaye mwezi uliopita aliona mita 200 mbele yake huenda asione hata 20. Kifaru mzima hupotea ndani ya majani kama jiwe ndani ya maji. Hapo walinzi hupunguza mwendo na kuongeza masikio: husikiliza majani yakikatwa kwa ule mdomo mpana, na ndege wanaowarukia vifaru mgongoni kula kupe wakipiga kelele.

Ua nao huhitaji kazi mpya. Majani mabichi yakigusa waya wa umeme hunyonya nguvu yake, na sehemu nzima ya ua ikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo katika msimu huu makundi ya wafanyakazi hufyeka ukingo wa ua siku baada ya siku, hupima nguvu ya umeme, na huziba mashimo ambayo ngiri huyachimba chini ya waya. Kazi hiyo haina sifa. Hakuna mgeni atakayeipiga picha. Lakini kila askari aliyewahi kufyeka majani nje ya kambi yake ili adui asipate mahali pa kujificha anajua kwamba vita vingi huokolewa na panga la kufyekea kabla ya bunduki.

Vuli ina neema zake pia. Udongo ulolowana hushika nyayo kama karatasi ishikavyo muhuri. Wayo wa kifaru una vidole vitatu, na mlinzi mzoefu akiutazama hutambua mnyama alipita lini na akielekea wapi. Vivyo hivyo wayo wa mtu. Kiatu kigeni ndani ya ua, katika msimu wa tope, hakiwezi kukana.

Tena ni katika msimu huu, tarehe 22 Septemba, ambapo nchi nyingi huadhimisha Siku ya Vifaru Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2010. Ni siku ya kuwahesabu waliobaki na kuwakumbuka waliokwisha. Hesabu ya dunia ina mambo mawili ya kufundisha. La kwanza ni la msiba: mwaka 1970 kifaru mweusi katika Afrika nzima alikadiriwa kuwa 65,000, mwaka 1995 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. La pili ni la tumaini: kifaru mweupe wa kusini, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alidhaniwa kuwa amekwisha, alikutwa amebaki kikundi kidogo cha chini ya 100 katika Afrika ya Kusini. Kikundi hicho kikalindwa kwa dhati, na leo kizazi chake ni maelfu. Wanyama wa Ziwa wote ni wa kizazi hicho cha kusini.

DENI LISILOLIPIKA LOTE

Hapo ndipo palipo na uchungu ambao hatuna budi kuusema wazi. Vifaru walioko Ziwa ni ndugu wa wale tuliowapoteza, si wale wenyewe. Kifaru mweupe wa kaskazini, aliyekuwa wa West Nile, wa Sudan na wa Kongo, hayuko tena porini mahali popote duniani. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Wamebaki majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu, nao wanaishi hapo hapo Ol Pejeta chini ya ulinzi wa watu wenye silaha. Mama yake Najin, aliyeitwa Nasima, alikamatwa porini katika Uganda kabla ya maangamizi, akapelekwa katika bustani za wanyama za Ulaya, na huko akazaa. Damu ya mwisho ya vifaru weupe wa Uganda, basi, inatembea nchi jirani katika miili miwili. Wataalamu tangu mwaka 2019 wamekuwa wakitunga mbegu za uzazi nje ya mwili ili jike wa kusini apate kubeba ndama wa kaskazini. Tunawaombea mafanikio. Lakini mtu akivunja chungu cha nyanya yake, hata akinunua kipya, aliyekivunja hasemi kwamba hakuna kilichovunjika.

Ndiyo maana habari ya Ajai ni nzito kwetu. Bonde hilo lilitengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya vifaru weupe, likabaki na jina bila wanyama. Mamlaka ya Wanyamapori ilikwisha kutangaza nia ya kuwapeleka huko baadhi ya vifaru wa Ziwa, na matayarisho ya ua na ulinzi yakaanza. Wazee wa West Nile waliowaona vifaru katika utoto wao wangali wako. Wanyama watakaokanyaga tena ukingo wa magharibi wa Nile hawatakuwa na ua la kilomita za mraba 70 lenye macho ya kila upande kwa miaka 20. Watakuwa na wananchi, barabara, mpaka wa nchi ulio karibu, na sisi wenye sare.

YATUPASAYO

Pembe ya kifaru si dawa wala si dhahabu. Imefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na nywele zetu. Mtu anayeamini kwamba itamponya angeweza kujitafunia kucha zake akapata faida ile ile bila gharama. Lakini madhali wako wanaoinunua katika nchi za mbali, watakuwapo wanaotaka kuiuza, na pembe haiwezi kutembea yenyewe kutoka porini hadi uwanja wa ndege. Hupita barabarani. Hupita penye vizuizi vya polisi. Hupita mpakani. Mwishoni mwa Januari 2019 maofisa wa forodha katika Kampala walifungua magogo ya mbao yaliyopitishwa kutoka Sudan ya Kusini, wakakuta yametobolewa ndani na kuzibwa kwa nta, yamejaa pembe za ndovu zaidi ya tani tatu pamoja na magamba ya kakakuona. Msomaji ajiulize magogo hayo yalipita vizuizi vingapi kabla ya kufika hapo.

Sheria haikosi meno. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha, au faini ya hadi shilingi bilioni 20, kwa makosa juu ya wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Oktoba 2022 mahakama ya Kampala ishughulikiayo mambo hayo ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha maisha kwa kukutwa na pembe za ndovu. Lakini hakimu huhukumu anayeletwa mbele yake. Anayemleta ni koplo aliyesimama barabarani usiku, mvua inanyesha, na noti iliyokunjwa inampita dirishani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, yote yamo ndani ya kazi zetu za kila siku. La kwanza: risasi ihesabiwe. Mkuu wa ghala anayesaini daftari bila kufungua sanduku ameacha lindo kama walivyoliacha wa Moroto, tofauti ni kwamba yeye bado amesimama hapo. La pili: kizuizi kiwe kizuizi. Gari likiwa na mzigo, mzigo utazamwe, hata kama dereva anamjua bwana mkubwa. La tatu: askari aliye doriani karibu na mbuga akikuta kitanzi cha waya, au wayo wa kiatu usiokuwa na sababu ya kuwa pale, atoe taarifa kwa askari wa wanyamapori siku ile ile. Wao ni wachache na pori ni pana. Hao ni wenzetu wa zamu, ijapokuwa sare yao ni nyingine.

Tena tunaongeza ombi la nne, nalo ni la hiari. Ndugu mpiganaji, ndugu askari wa polisi, ukipata likizo, na njia yako ikipita Nakitoma, ingia Ziwa na watoto wako. Watakapomwona yule mnyama akila majani polepole, na kando yake kijana mwenye koti la mvua akiandika saa katika daftari, waambie kwamba huyo ndiye kifaru, na kwamba lile gari la chuma liliazima jina kwake. Wakikuuliza kwa nini ndama wa kwanza alipozaliwa gazeti liliandika habari zake kana kwamba ni za mkuu wa nchi, waeleze yaliyotokea, na usiiruke sehemu ya sare. Sisi tulipokuwa tukiondoka jioni mvua ilianza tena. Walinzi wa usiku walikuwa wakiingia ndani ya majani, wawili wawili, na wale wa mchana hawajatoka bado. Walikuwa wamesimama wakiwaonyesha wenzao kwa kidole, mmoja, wawili, na ndama.